Ukurasa wa Mama

Vijana ninaofanya nao kazi siku hizi wanachora kurasa za simu na za tovuti. Kabla hawajajenga chochote huchora kwanza mifupa yake: kisanduku hapa, kitufe pale, mtu akibonyeza aende wapi. Na kila baada ya miezi michache wanagombana juu ya programu ya kuchorea. Huyu anaisifu yake, yule anaitukana, mwisho wananigeukia mimi bibi yao wajue ningechagua ipi. Nawajibu: penseli. Wanacheka, wanadhani nawatania. Siwatanii. Niliwahi kuchagua programu, Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, nikiwa na miaka ishirini na minne, nikachagua kama mjinga, na aliyelipa si mimi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Goma, nilikozaliwa, nikapata kazi katika mradi uliokuwa ukitafuta jamaa za watoto waliopotea. Miaka ile ya baada ya vita watu walikuwa wamevuka mpaka kwenda na kurudi, makundi kwa makundi, na katika mbio hizo watoto walidondoka njiani. Mtoto anashikwa mkono na mtu asiye wake, anafikishwa mahali, anaulizwa maswali, anaandikwa. Chumba chetu cha kazi kilikuwa na maboksi pande mbili. Upande mmoja maboksi ya watoto: kila mtoto na karatasi yake, yenye yale aliyoweza kuyasema kwa kinywa chake. Upande wa pili maboksi ya wazazi: kila mzazi na maelezo ya mtoto anayemtafuta. Kazi ilikuwa kuoanisha. Unasimama katikati na karatasi mkononi, unapekua, na unaweza kupekua wiki nzima usipate hata mmoja.

Jirani yangu alikuwa kwenye maboksi ya wazazi. Nyumba zetu zilitumia ua mmoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Siku za soko alipanda hadi Mahoko kununua maharage na viazi, kesho yake anavibeba kichwani hadi Petite Barrière, kivuko cha mpakani, kuwauzia wanawake wa Goma. Alikuwa amezaa mara mbili. Kifungua mimba, wa kiume, alifia Goma kwa ugonjwa. Wa pili, binti wa miaka mitatu, alimponyoka katika msongamano wa kurudi. Alikuwa na mzigo kichwani, akainua mkono kuushika, na mkono ulioachwa haukumrudia tena. Hilo tu. Aliniambia mara moja na hakulirudia.

Mtaani kote alijulikana kama mama wa yule mwanawe aliyekufa. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu: mwanamke akishazaa, jina la mtoto wa kwanza linamfunika, na hata mtoto akifa jina linabaki juu ya mama. Jina lake la kitambulisho nililijua siku nilipomwandikia karatasi yake ofisini, baada ya miaka miwili ya kuazimana chumvi. Nilishtuka kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya jirani yake akiwa msichana. Kisha nikaliandika, nikasahau kwamba nilishtuka.

Mradi ukaamua kununua kompyuta ifanye kuoanisha. Mtaalamu mmoja wa Kigali angetengeneza programu yenyewe, lakini alitaka kwanza achorewe kurasa zitakavyokuwa kwenye skrini: tunauliza nini, kwa mpangilio gani, kisanduku kipi kinafuata kipi. Shefu wetu, mkuu wa ofisi, akanipa mimi, kwa sababu ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nimejifunza mashine. Wenzangu waliniita daktilo, yaani mpiga chapa, na walilitamka neno hilo kama mtu anavyosema "yule wa kufagia".

Nilianzia nyumbani, uani, na daftari la mirabaraba. Jirani alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage.

"Ile unachora ni nini?"

"Kurasa za mashine, mama. Huu ni wa mtoto. Hapa jina, hapa miaka, hapa anakotoka: komini, sekta, seliri."

Akanyoosha kidole chenye vumbi la maharage, akakiweka juu ya karatasi yangu bila kuomba ruhusa.

"Mutoto wa miaka tatu anajua seliri?"

"Hapana."

"Bon. Umuulize ile anajuaka. Kwao kuko karibu ya nini? Kanisa? Soko? Mutoni?"

Nikafuta seliri na ngazi zote za serikali, nikaandika: *karibu na nini*. Kidole kikahama.

"Na apa miaka, nani atakuambia? Mutoto atasema mbili, kesho atasema kumi. Weka meno. Ya mbele ikiangukaka, we unajua."

Nikafuta tena. Akawa anachambua maharage kwa mkono mmoja na kwa mwingine ananiharibia kazi. Hapa ongeza wimbo aliokuwa anaimbiwa, hapa ongeza nani alikuwa anambeba mgongoni. Karatasi ilichafuka kwa kifutio na kwa vidole vyake, sehemu moja ikatoboka. Nilikasirika, halafu nikaona kwamba ukurasa wa mtoto, mchafu vile vile, sasa ulikuwa unauliza maswali ambayo mtoto angeweza kuyajibu.

Ulibaki ukurasa wa mzazi. Nilikuwa nimeandika kichwa tu, juu kabisa: MAMA. Wingu likashuka, matone yakaanza kulia kwenye mabati, akakunja mkeka wake na maharage ndani.

"Ya mama tutaona kesho," akasema.

Kesho yake asubuhi nilibeba daftari kwenda nalo ofisini, na hapo ndipo nilipoharibu. Karani mmoja alilichukua, akalinyanyua dirishani, mwanga ukapita kwenye lile tundu. "Daktilo wetu anachora kama mtoto wa darasa la kwanza," akasema, na dereva akacheka hadi akashika meza. Mtaalamu wa Kigali angekuja wiki mbili baadaye. Kichwani nilimwona akilitazama lile daftari, na nilijiona mimi nimesimama kando yake na kifutio. Nikaamua kwamba haitakuwa hivyo.

Ndani ya kompyuta ya ofisi mlikuwa na programu ya kupaka rangi, inayokuja na mashine. Nilijaribu. Mstari ulioinama kidogo ulitoka na ngazi, na ukikosea kisanduku huwezi kukisogeza, unafuta na unaanza upya. Kulikuwa na ile ya kuandikia barua, ukitumia majedwali. Visanduku vilikaa sawa, lakini ukiongeza kimoja vingine vinakimbilia ukurasa wa pili. Zote mbili zilitoa kitu kibovu kibovu, kitu ambacho mtu akikiona anajua hakijaisha. Leo ningezibusu. Siku ile nilizidharau.

Nilimkumbuka mjomba wangu wa Goma. Mjomba alikuwa na kiduka cha kuchapa kadi za harusi na za matanga, na alikuwa na programu ya kupanga kurasa ambayo ilinitoa udenda: fremu zenye pembe za mviringo, kivuli chini ya kisanduku, herufi za kila aina. Nilivuka siku ya Jumamosi. Alininakilia disketi kumi na moja, tukazitia ndani ya kopo la maziwa ya unga ili vumbi lisiziguse.

"Na hii, kazi yako itakuwa ya kweli," mjomba aliniambia. "Batu banapendaka kintu iko propre." Propre, yaani safi na nadhifu.

Kwenye barrière mkaguzi alifungua kopo, akatoa disketi moja, akaitikisa sikioni. "Kuko nini ndani?" Nikamwambia michoro. Akaitazama kwenye jua, mbele na nyuma, akaniambia yeye haoni mchoro wowote. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na beseni la nyanya akamwambia asinisumbue, pengine ni dawa. Nikapita. Nilikuwa na furaha ya mtu anayevusha dhahabu.

Jioni ile jirani aliniuliza juu ya kamba ya nguo, "Na ile ya mama? Leo tuone?"

"Usijali, mama," nikamjibu. "Nitaimaliza mwenyewe kwa mashine."

Nikaimaliza mwenyewe kwa mashine. Siku nne nilikaa na kipanya mkononi. Kurasa za mtoto nilizinakili kutoka kwenye daftari, kila swali lake, na nikazipamba. Ukurasa wa mama niliutunga peke yangu, kichwani, kwa jinsi ofisi inavyofikiri. Jina la mama. Namba ya kitambulisho. Mahali alipozaliwa. Ukurasa wa mtoto nao ulihitaji kisanduku cha jina la mama ili mashine ilinganishe hapa na pale, nikakiweka, na chini yake nikaandika maelekezo kwa herufi ndogo za mlalo, nzuri ajabu: *Jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kama halijulikani, acha wazi.*

Nilizichapa kwenye karatasi nene nyeupe. Pembe za mviringo, vivuli. Ukizitazama kwa mbali ungedhani unaalikwa arusini.

Shefu wetu alikuwa mtu mzuri, nisimsingizie. Alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, na alitaka wazazi waone kurasa kabla hazijaenda Kigali. Tukazibandika ukutani, wazazi wakaitwa. Walikuja wamevaa vitenge vya kanisani. Walisimama mita moja kutoka ukutani, mikono nyuma. Shefu akawaambia, "Karibuni mseme, jamani. Kama kuna kinachopungua, hii ndiyo nafasi." Mzee mmoja alivua kofia.

Jirani yangu alikwenda hadi kwenye ukurasa wa mama, kisha akahamia wa mtoto. Alikuwa anajua kusoma, polepole, kwa midomo. Nilimwona akisoma maelekezo yale ya herufi za mlalo. Kisha mkono wake ukainuka, kidole kilekile, kikaenda kwenye karatasi, kikasimama hewani kabla hakijagusa. Akakitazama kidole chenyewe. Akakipangusa kwenye kitenge, ingawa kilikuwa safi, akakishusha.

"Umeona nini, mama?" nikamuuliza.

"Hapana. Iko propre sana."

Na mimi nilifurahi. Nalisema waziwazi kwa sababu ndicho kinachonichoma: nilifurahi, nikageuka kumtafuta karani kama amesikia.

"Basi mimi sina la kuongeza," shefu akasema, akatoa muhuri wake mfukoni, akaugonga kwenye kila ukurasa, chini kulia. Kwetu karatasi ikishagongwa muhuri imekwisha. Hata nukta ukitaka kuihamisha, umtafute aliyegonga, naye amtafute aliyemtuma. Mtaalamu wa Kigali alijenga kile kilichogongwa muhuri, kisanduku kwa kisanduku. Alinisifu kwa Kiingereza, kwa sababu yeye alikulia Uganda. Karani hakuniita daktilo tena.

Tukaanza kuingiza karatasi zote za maboksi kwenye mashine, mimi na mwenzangu mmoja. Na mashine ilifanya kazi, ni lazima niseme. Watoto wakubwa, waliojua jina la baba na la mama, iliwaoanisha. Niliona mwanamume mzima akikaa chini kwenye saruji ya ofisi kwa sababu nimemsomea jina la mwanawe. Kila ilipotokea hivyo nilizidi kuamini zile fremu zangu.

Jirani alipita kila alipotoka Mahoko, gunia begani, haingii ndani kwa sababu ya miguu yenye tope. Anasimama mlangoni.

"Mashine inasema nini?"

"Inasema hakuna, mama."

"Sawa."

Wiki inayofuata hivyo hivyo. Na nyingine. Nilianza kuichukia sauti ya kandambili zake. Nyakati zile nilitamani aache kuja, na aliponiuliza uani nilijibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyepoteza kitu changu. Siku moja hakuondoka haraka. Aliitazama kompyuta kutoka mlangoni, kwa muda mrefu.

"Pengine haimuulizake mutoto muzuri," akasema.

Nikamwambia mashine haiulizi, mashine inalinganisha. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Akasema sawa, akainua gunia lake.

Mradi ulipokaribia kufungwa tuliambiwa tufunge karatasi zote kwa kamba, zipelekwe Kigali. Zilikuwa zimeshaingizwa, hakuna aliyezihitaji. Nilikuwa nikipanga za kituo kimoja cha watoto cha Rugerero, boksi lililorudishwa kituoni baada ya kuingizwa na kuletwa tena limelowa upande mmoja, na kwa sababu zilikuwa zimeshikana nilizibandua mojamoja. Ndipo macho yangu yakasoma. Kwa miezi yote ile nilikuwa sisomi. Macho yalikuwa yanakimbilia kisanduku hadi kisanduku.

Msichana. Meno ya mbele hayajaanguka. Anajiita kwa jina la kudekezwa, lile ambalo kila nyumba humwita mtoto wa mwisho. Karibu na kwao kuna mto wa kuoshea viazi vitamu. Alikuwa anabebwa mgongoni na kaka yake, kaka ameenda kwa Mungu. Jina la mama: na hapo aliyemwuliza mtoto, mtu wa kituo, alikuwa ameandika kwa kalamu neno *Mama*, na baada yake jina la kijana aliyefia Goma.

Juu kulikuwa na alama ya kuonyesha kwamba karatasi imeshaingizwa, na kando yake herufi za aliyeingiza. Herufi zilikuwa zangu.

Nilikwenda kwenye mashine, nikaifungua kumbukumbu yake. Kisanduku cha jina la mama kilikuwa cheupe. Nilikuwa nimetii maelekezo yangu mwenyewe: hilo si jina la kitambulisho, halijulikani, acha wazi. Mtoto wa miaka mitatu alijibu swali kwa ukamilifu, alitaja jina la pekee alilowahi kusikia mama yake akiitwa, na mimi niliyeliita jina hilo kila asubuhi nikichota maji nikaliacha nje kwa kuwa halikufanana na fremu. Siku hiyo, nakumbuka, niliingiza karatasi nyingi kuliko mwenzangu, nikasifiwa.

Niligeuza karatasi. Nyuma palikuwa na mstari mmoja wa mtu wa kituo, wino mwingine. Malaria, wakati wa mvua zilizopita. Amezikwa Rugerero. Zile mvua zilikuja miezi mitatu baada ya mimi kuiingiza karatasi ile. Na barabara ya kwenda Mahoko inapita Rugerero. Siku zote alizopanda sokoni, na siku zote alizoshuka na gunia, alikuwa anapita pale chini ya kituo.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Mjukuu anakua, anaondoka. Haya yangu hayajaondoka, yanakaa nami mezani.

Nilifikiria kunyamaza. Sitajifanya mtakatifu, kamba ilikuwa mkononi, fundo moja tu na karatasi ingekwenda Kigali na maboksi mengine. Niliitoa. Nikatoa pia lile daftari la mirabaraba lililokuwa chini ya droo yangu, sijui kwa nini, labda nilitaka asinione nimekuja mikono mitupu.

Alikuwa uani, mkekani, anachambua maharage. Nilimwomba aingie ndani, akakataa. Basi nikaketi kwenye mkeka, nikamwambia yote, tangu karatasi hadi mstari wa nyuma, tangu Rugerero hadi zile herufi zangu mbili. Hakulia mbele yangu. Alisema "Ayiwee," kwa sauti ndogo, kisha akaomba karatasi. Alisoma kwa midomo. Alipofika kwenye jina la mama aliweka kidole.

"Uyu njo mimi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Amesema muzuri."

"Amesema vizuri."

Akakaa hivyo na kidole chake. Kisha akasema, bila kunitazama, na bila hasira, ningependa kungekuwa na hasira:

"Siku ya réunion, ile tulikuja kuona karatasi, niliona. Nilitaka kusema mutoto hajuake jina ya kitambulisho. Lakini karatasi ilikuwa propre sana. Nikasema, bale balioandika hivi banajua."

Aliliona daftari mapajani mwangu, akalichukua, akafunua kurasa zilizochafuliwa na vidole vyake mwenyewe, seliri iliyofutwa, meno, lile tundu, hadi akafika kwenye ukurasa wa mwisho. Palikuwa na neno moja juu, MAMA, na chini yake mirabaraba mitupu.

"Lete kreyo."

Nikampa penseli. Alichora kisanduku, polepole, akiishika penseli kwa ngumi. Mistari haikukutana pembeni. Akanirejeshea.

"Apa," akasema. "Andika vile mutoto anamuitaka mama yake."

Nikaandika. Kisanduku kilikuwa kimepinda, na jina likaenea lote.